Shoto ya Aune

Nilimcheka, siku ile ya kwanza.
Februari, Thunder Bay, nje baridi ya kugandisha pua,
ndani ya ukumbi wa shule iliyokwisha fungwa
ambamo sisi wastaafu tunacheza pikoboli:
kibao, wavu mfupi, na mpira wa plastiki wenye matundu
kana kwamba umetafunwa na panya mwenye nidhamu.
Akaingia Aune Koskela, miaka sitini na tisa,
kibao kakishika kwa mkono wa shoto.
Nikamnong'oneza Renaud: "Huyu tumpigie mgongo wa mkono,
hapo ndipo kila mtu alipo dhaifu."
Tukampigia huko. Tukampigia tena huko huko.
Kumi na moja kwa mbili, wakashinda wao,
na bado sikuwa nimeelewa

kwamba nilikokuita mgongo
kwake ni kiganja.

Miaka arobaini nimefunga mabomba ya watu.
Najua parafujo hukazwa kwenda kulia,
hulegezwa kwenda kushoto, na mwili wangu wote
umelikariri somo hilo hadi kwenye magoti.
Mpira wa Aune haukusoma shule yetu.
Ukidunda, badala ya kukujia kama mipira ya watu,
unakwenda upogo, unakimbilia ukutani
kama mbwa aliyeitwa na jirani.
Unanyoosha kibao, unapiga hewa.
Yeye husema "voi voi", Kifini cha mama yake,
na usoni hana hata chembe ya huruma.

Nikamwuliza siri. Akasema hakuna siri.
"Ninyi mnakutana na mtu kama mimi mara moja kwa mwezi.
Mimi nakutana na ninyi kila siku."

Kisha, akifungua chupa ya kahawa, akanihesabia:
mikasi ya shule iliyomtia malengelenge,
wino uliomchafua ukingo wa kiganja
kila sentensi aliyoandika tangu darasa la kwanza,
kifungua-makopo alichokirusha dirishani mwaka aliofunga ndoa.
"Dunia imenipigia mgongo wa mkono tangu nizaliwe.
Ulidhani sitajifunza kuurudisha?"

Machi, Renaud akatenguka goti. Nikapangwa na Aune.
Yeye kulia, mimi kushoto,
viganja vyetu viwili vikitazama katikati,
pale ambapo wenzetu huachiana mpira kwa adabu,
wako, hapana wako,
mpira ukapita ukienda zake.
Sisi tuliufunga mlango ule kwa makomeo mawili.
(Pembeni tulikuwa uchi, sikatai.
Na vibao viligongana; kidole gumba changu
kina alama hadi leo.)
Wiki tatu hatukufungwa na mtu.

Aprili, barafu ikianza kupasuka ziwani,
akanialika supu ya samoni.
Nikakaa kushoto kwake, kama nilivyozoea uwanjani.
Kiwiko kikagonga kiwiko, supu ikanimwagikia pajani.
"Boudreau," akasema, "hapa si uwanjani. Hamia huku."
Nikazunguka meza, nikakaa upande wake wa kulia.

Kijiko chake kikafanya kazi kule, changu huku,
na katikati, juu ya kitambaa cha meza,
ikabaki mikono miwili isiyo na shughuli:
wake wa kulia, wangu wa kushoto,
huu wangu ambao maishani mwake
haujafanya lolote la kusimuliwa
ila kushikilia bomba mwenzake akikaza.

Katika mchezo wetu kuna pigo dogo, jepesi,
la kuuvusha mpira wavu tu, basi,
udondoke karibu, bila kelele.
Mabingwa wa kupiga kwa nguvu hulidharau.

Nikausogeza mkono hivyo,
kiasi cha kuvuka kibakuli cha chumvi.

Aune hakuinua macho kwenye supu.
Akarudisha.